Bweni Lenye Jina Letu

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Huku sisi hatujambo, kasoro shemeji yako, ambaye goti lake limeamua kustaafu kabla yake. Anapanda ngazi za nyumba kwa awamu, kama mradi wa serikali. Wanao wazima, mkubwa bado yuko masomoni ng'ambo, na mdogo anasema atakuja likizo, lakini wewe unamjua, ahadi zake huishia kwenye simu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga. Simu yako inapokelewa na duka zima, dada. Nikisema neno moja, kila mteja analijua kabla yako. Halafu jambo hili nimeona linastahili kuandikwa, kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Chuo kinatimiza miaka hamsini. Wamepaka rangi kila kitu kisichotembea. Unaukumbuka ule mnara wa saa niliokuandikia mwaka wangu wa kwanza, ambao saa yake ilikuwa ikichelewa mpaka wahadhiri wakaifanya kisingizio? Wameukwangua na kuupaka upya, unang'aa, na saa bado inachelewa. Ukumbi wa Duara umepata viti vya kukunja. Kwenye ngazi za maktaba wameweka kibao kinachoeleza kwamba hapo ndipo wanafunzi wa kwanza walipopigwa picha. Kamati imeteua wahitimu mashuhuri wa kuenziwa: kuna jaji, kuna daktari bingwa wa moyo, kuna mchoraji ambaye wakati wetu alikuwa akifukuzwa kila muhula. Na mimi nimo. Wanasema ni kwa ajili ya kazi yangu ya maji, yale mabwawa na mabomba niliyozeekea.

Kuna bweni jipya la wasichana, ghorofa nne, pale palipokuwa na bustani ya waridi. Litapewa jina la mhandisi wa kike wa kwanza kuhitimu pale. Dada, litaandikwa jina letu, kwa herufi za chuma, juu ya mlango. Nilipoambiwa, wa kwanza kunijia kichwani ulikuwa wewe.

Usimwambie mtu bado. Wasalimie wote.

Chiriku wako

21 Februari

Chiriku, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeichukua kwa wakala wa mabasi siku ya Jumatano, ikiwa na doa la mafuta lakini imefika. Hapa tuko salama. Msimu wa sare za shule umeisha, wasichana wangu wa dukani wamepumua, na mgongo unanikumbusha kila kola niliyoshona. Binti yangu anakuamkia mama yake mdogo. Ana mchumba sasa. Kijana mwenyewe ni mpole mno, naogopa atasahau kuoa. Mpe pole shemeji, mwambie goti lisilotii likandwe kwa maji ya moto.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Nikafunga duka nikasema kichwa kinauma. Sitakuficha, nililia, na yalikuwa machozi mazuri.

Najua hatupendi kuyasema haya, lakini acha leo niyaseme mara moja. Nilitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, baba anasema nafasi ya chuo isipotee bure, na wewe umefeli, unalia mpaka kola ya gauni imelowa. Tulisoma darasa moja kwa sababu mimi nilichelewa kuanza, kwa hiyo najua: kichwa ulikuwa nacho, ila kwenye chumba cha mtihani ulikuwa unaganda. Nikakupa cheti changu na barua ya kukubaliwa, nikakwambia nenda ukawe mimi. Sharti langu lilikuwa moja tu, uniandikie kila wiki ulichokiona na ulichojifunza, ili mwenye jina naye asome kidogo. Na uliandika. Nilikuwa nikimlisha mama kwa mkono mmoja na kusoma habari za shinikizo la maji kwa mkono wa pili. Vitambulisho vilipokuja ukanisihi nijiandikishe kwa jina lako, tusije tukagongana, nikafanya hivyo. Hapa mjini wananiita kwa jina lako la shule, maana Chiriku ni la utani la nyumbani, au wananiita Fundi, naitika kote kuwili.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Nataka kiti kwenye hiyo sherehe. Hata cha nyuma kabisa, karibu na wapiga picha. Sitamwambia mtu lolote, nitajuta nini na uzee huu? Ukitaka kunitambulisha sema ni dada yako, basi, huo si uongo. Jina langu sijalisikia likitajwa hadharani tangu siku mwalimu mkuu aliposoma matokeo. Nataka lisomwe mbele za watu nami nimekaa pale, nimevaa vizuri, nalisikia.

Niandikie tarehe nianze kukata kitambaa.

Dada yako

24 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kamati inakaa kila siku, na kila kikao kinazaa kikao kingine. Shemeji yako amejaribu maji ya moto, sasa analalamikia maji ya moto. Hongera kwa habari za mchumba! Upole una dawa yake, mpangieni tarehe nyinyi wenyewe.

Ungeona chuo kilivyobadilika ungecheka. Wamefungua chumba cha maonyesho kwenye jengo la zamani la utawala. Wameweka joho la mkuu wa chuo wa kwanza, lina matundu ya nondo lakini wamelipiga taa vizuri. Wameweka kengele iliyokuwa ikituamsha. Kila mmoja wetu ameombwa atoe kumbukumbu, nami nikawapa kile cheti cha sekondari, nacho kimo ndani ya kioo na maelezo chini yake. Watu wanakisogelea na miwani.

Wameniomba nitoe hotuba kwa niaba ya wahitimu wote. Kuna kijana wa ofisi ya habari ananifuata kila mahali. Anataka habari za nyumbani, za utoto, za taabu. Anasema siku hizi hotuba isiyotoa machozi haipigiwi makofi. Nimemwambia mimi ni mtu wa mabomba, machozi ni idara nyingine.

Pamoja na barua hii nakutumia kitambaa cha buluu, kizito, hakikunji. Nilipokiona nikasema hiki ni cha dada.

Wasalimie wote kwa jumla.

Chiriku

2 Aprili

Mdogo wangu,

Kitambaa nimekipata, ahsante, ni kizuri na hakina dosari. Nimeshashona gauni. Mikono nimeifanya mirefu kwa ajili ya picha, maana viwiko vyangu si vya kuonyeshwa wageni.

Sisi wazima. Binti anakusalimia.

Umenieleza habari za joho, za nondo, za kengele, za kijana wa ofisi ya habari, hata za miwani ya wanaokitazama cheti changu. Mimi niliuliza habari ya kiti. Chiriku, nakujua tangu unanyonya. Ukianza kuongea sana ujue kuna kitu umekikalia.

Nijibu.

Dada yako

11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Ni kweli nilikikalia, na nilikikalia kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo. Sherehe imeahirishwa. Makamu mkuu wa chuo ana safari, mkandarasi hajamaliza mabomba ya ghorofa ya tatu (aibu gani, kwenye bweni la mhandisi wa maji!), na kadi za wageni hazijachapishwa. Wanasema sasa itakuwa mwishoni mwa mwaka. Usinunue tiketi yoyote ya basi mpaka nikwambie.

Tena sidhani kama utafurahia siku yenyewe. Watakuwa ni wanasiasa na walinzi, mtu unakaa juani saa nzima unasikiliza watu wakishukuriana. Nadhani ni bora uje baadaye, kukiwa kumetulia, nikutembeze mwenyewe polepole, mnara, maktaba, kila mahali.

Gauni litunze. Najua limekupendeza.

Huku wote wazima. Shemeji ametengenezewa bakora, anatembea nayo kama chifu.

Chiriku wako

7 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi ni wazima, na ndiyo habari yote ya nyumbani utakayoipata leo.

Jumamosi nilikuwa nakata kola. Redio ya dukani haizimwi, wasichana hawawezi kushona bila kelele. Mtangazaji akasema yuko chuoni, mubashara, kwenye maadhimisho ya miaka hamsini. Nikadhani nimesikia vibaya, maana mimi nimeambiwa ni mwishoni mwa mwaka. Akaeleza mnara wa saa, akaeleza Ukumbi wa Duara umejaa pomoni, akaeleza makamu mkuu wa chuo, yule msafiri wako, anaingia na joho. Nikaweka mkasi chini. Halafu wakalitaja. Langu, la baba na la babu, yote matatu, polepole, na watu wakapiga makofi mpaka redio ikakwaruza.

Nitakwambia ukweli. Kwa dakika ile nilikusamehe. Nilisema moyoni, amenidanganya tarehe, haya, ana sababu zake, lakini nimelisikia. Nilikuwa nimevaa aproni yenye vipande vya uzi, nimelisikia.

Kisha ikaja sauti yako.

Najua ulichosema kwa sababu kimeniganda. Ulisema ulikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wako wa kike. Ulisema alifariki mkiwa wasichana. Ulisema hakujaliwa kichwa cha shule, alifeli, maskini, lakini alikuwa na mkono mzuri wa kushona, na kila ulipochoka kusoma ulikumbuka kwamba unasoma kwa ajili yake. Sauti ikakukatika pale. Ilikatika vizuri sana.

Watu walipiga makofi kuliko hata walipotaja jina. Msichana wangu mmoja alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akaniambia, "Masikini, Fundi, umesikia? Mdogo wake alikufa." Nikamwambia nimesikia. Binti yangu akatoka chumba cha nyuma ametoa macho. "Mama, hiyo si sauti ya mama mdogo? Ndugu gani aliyekufa?" Nikamwambia redio hufananisha sauti. Nimemdanganya mwanangu kwa ajili yako. Hakuniamini, ameninunia tangu siku hiyo.

Sasa nikuulize. Aliyefeli ni nani? Aliyelia mpaka kola ikalowa ni nani? Umechukua kufeli kwako ukanivisha mimi, halafu ukanizika nako. Kushona ni kwangu kweli, hapo hukukosea, maana cherehani hii ndiyo iliyokulipia sabuni na nauli. Jina langu umelipandisha ghorofani. Jina lako, ambalo ndilo nililobaki nalo, umeliua mbele ya watu wote. Niambie basi, mimi nabaki nani?

Ungeninyima kiti nikaelewa. Ungesema dada usije naogopa, ningevua gauni nikalikunja, nikalala. Lakini umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, umenitumia na kitambaa, huku hotuba umeshaiandika. Niliposhona shanga shingoni mwa gauni lile tayari nilikuwa marehemu kwenye karatasi zako.

Dada yako, kama bado unaye

29 Juni

Dada,

Shikamoo. Naomba uipokee hata kama hutaki. Barua yako nimeisoma garini, nje ya ofisi, nikashindwa kushuka.

Ilikuwa hivi. Yule kijana wa ofisi ya habari aliuliza kama nina ndugu. Ningesema nina dada, siku ya pili angekuwa mlangoni kwako na kamera. Angeuliza jina lako. Angeuliza ulisoma wapi, ulimaliza lini, kwa nini uko sawa na mimi darasa na si sawa kwa umri. Angeomba picha za shule. Watu wale wanachimba, dada, ndiyo kazi yao. Ingetosha siku moja wakavunja yote: digrii, kazi, mabwawa, bweni. Nawe pia ungeulizwa ulimpa nani cheti chako na kwa nini. Nilisema neno moja la kufunga mlango. Marehemu hahojiwi.

Hayo ya kufeli yalitoka tu. Alitaka habari ya kugusa watu. Nilipoanza kusema sikuweza kurudi nyuma.

Lakini na mimi niseme, maana unaandika kama kwamba nilikuibia. Wewe ndiye uliyenipa. Hukukesha wewe kwenye vile vyumba vya baridi, nilikesha mimi. Wavulana waliokuwa wakificha vifaa vya maabara mwanamke asivipate, walinifichia mimi. Nilipokuwa nikiitwa kwa jina lako miaka ile yote nilikuwa nikishtuka, na hakuna wa kumwambia. Jina peke yake halijengi bwawa. Lingebaki kwako leo lingekuwa limeandikwa kwa rangi kwenye kibao cha duka la sare, na wala usiniambie kwamba nimekutukana, kwa sababu ni kweli na wewe unajua.

Sherehe ilikuwa nzuri. Nilikutafuta kwenye viti. Nilijua hupo, lakini macho yalikutafuta.

Njoo mwezi wa tisa, wanafunzi wakiwa likizo. Tutaenda wawili tu, asubuhi, kabla wafagiaji hawajafika. Utaliona jina lako, utaligusa ukitaka. Kwa binti, mwambie chochote unachoona kinafaa, mimi nitaunga mkono.

Na barua hii ichome. Zile za zamani pia, za miaka ya chuo, kama bado unazo. Tafadhali dada, zichome zote.

Chiriku

14 Agosti

Mhandisi,

Salamu. Binti yangu ameolewa Jumamosi ya juzi. Yule mpole alikumbuka. Hukualikwa, na walioniuliza mama mdogo yuko wapi niliwajibu ana kazi nyingi.

Binti anajua yote. Nilimkalisha chini, nikamweleza tangu mama alipopooza. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikiitwa mtoto wa nani shuleni?" Miaka yote anajaza fomu na jina lako mahali pa mama. Hilo wewe na mimi hatukulifikiria hata siku moja, tulikuwa tunashughulika na mabwawa.

Sikungoja mwezi wa tisa. Sikutaka kuingia kwa jina langu alfajiri, kabla ya wafagiaji, kama mtu aliyekuja kuiba. Nilisikia redioni kwamba mwaka huu wa maadhimisho Jumamosi ni siku za wageni, mtu yeyote anaingia, wanafunzi wanatembeza. Nikapanda basi na lile gauni la buluu. Barua zako za zamani sikuzichoma. Nilizibeba kwenye mkoba nikazisoma njiani, na kwa muda nilimpenda sana yule msichana aliyeziandika.

Tulikuwa kundi dogo, wazazi wawili watatu wenye watoto wanaotafuta chuo, na mzee mmoja aliyekuwa akimuuliza mtembezaji wetu bei ya kila kitu. Mtembezaji alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mchangamfu, anatembea kinyumenyume huku anatusemesha. Tulianza na mnara. Saa ilikuwa imechelewa. Kwenda Ukumbi wa Duara niliwatangulia bila kujijua, miguu ikageuka yenyewe penye ile kona ya barabara uliyonichorea kwenye barua ya mwaka wa kwanza. Kwenye ngazi za maktaba niliomba kupumzika. Nilikaa pale uliponiandikia kwamba ulikuwa ukikaa kula karanga ukiwa huna hela ya chakula cha mchana. Ni mawe ya baridi hata juani. Hilo hukuniandikia.

Kwenye chumba cha maonyesho nilikiona cheti changu. Kwenye kona kina alama ya mafuta ya cherehani. Nilikishika siku nilipokukabidhi, nilikuwa nimetoka kulainisha gurudumu. Mtembezaji akatusomea alama za hesabu, akasema, "Mhandisi alikuwa hatari." Mzee wa bei akasema, "Kumbe alikuwa na kichwa tangu utotoni." Nikasema ndiyo, alikuwa nacho. Ni mara ya kwanza tangu shuleni mtu kunisifu, na aliyesifu hakujua anayemsifu amesimama karibu yake. Nilienda dirishani mpaka wengine wakatoka.

Kisha bweni. Ni zuri, sitasema uongo. Madirisha yake makubwa, wasichana wameanika nguo nje ingawa kuna tangazo linalokataza. Herufi za chuma juu ya mlango kila moja ina urefu wa mkono wangu. Nilizisoma moja moja. Nilidhani nitalia au nitapiga kelele. Nilisimama tu, shingo ikaniuma, nikaacha kutazama juu.

Mtembezaji akatueleza habari zako kwa ufasaha. Alipofika kwa mdogo wako marehemu aliyekuwa hana kichwa cha shule akapunguza sauti, na wazazi wakatikisa vichwa. Nami nilitikisa changu. Kwa hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa hadithi. Kila Jumamosi mimi nitakufa pale mlangoni, na watu watasikitika kidogo kabla hawajaenda kuona mabafu.

Umesema kweli, jina peke yake halijengi bwawa. Kazi ni yako, kukesha ni kwako, na wale wavulana walikufichia wewe vifaa. Sidai bwawa hata moja. Mimi niliomba kiti. Nimekaa na swali la kwa nini ulisema vile kwa mwezi mzima nikijaribu kukutetea, kwa sababu nimezoea kukutetea. Uoga ningeuelewa. Mlango uliotaka kuufunga ungefungika kwa kusema huna ndugu. Ungesema huna, basi. Lakini ulinitaka pale jukwaani, nikiwa nimekufa na nimefeli, ili nikupambe. Hapo ndipo siwezi kupita, na nimejaribu.

Usiniandikie tena. Nauli ya kuja kuomba radhi usiikate. Cherehani bado inafanya kazi, sina shida ya kitu.

Nimalizie ya bweni. Pale mlangoni kuna meza na daftari la wageni. Kila mtu aliandika jina lake na neno moja la pongezi. Zamu yangu ilipofika nikashika kalamu, na mkono ukaandika langu, la baba na la babu, kwa mwandiko ule ule wa shuleni. Mtembezaji akainama akasoma, akacheka kwa adabu. "Hapana, mama, hapa unaandika jina lako, siyo la jengo." Akanipa kalamu nyekundu nifute. Sikufuta. Nikairudisha mezani.

Ndipo akaacha kucheka. Akanitazama uso, akatazama ile picha yako kubwa ukutani, akanitazama tena. "Mama, samahani," akasema, "lakini mmefanana sana na Mhandisi. Ni ndugu yako?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wa nje miaka yote hii, na watu wa mabasi, na wateja, na maofisa wa vitambulisho, na kila mara nimekana ili kukulinda, na kila mara limeniuma. Safari hii nilimwambia hapana, sina undugu naye, na sikuona kwamba nimesema uongo.